Ganda Gumu, Moyo wa Pamba

Matangazo ya vepu za kazi ngumu yanafanana kana kwamba yameandikwa na mtu mmoja. Kifaa kinaangushwa sakafuni, kinazamishwa kwenye ndoo ya maji, kinafukiwa mchangani, na mwisho kinapitiwa na gurudumu la gari. Kisha mkono unakiokota na kukipangusa, kidole kinabonyeza kitufe, na wingu jeupe linajaa kwenye skrini. Aliyeipa fasheni hii sura yake ni kampuni ya GeekVape ya Shenzhen, China, ilipotoa kifaa chake cha Aegis mwaka 2017: mwili wa aloi ya zinki, ngozi mgongoni, mpira wa silikoni kwenye kingo, na mlango wa betri unaobana maji yasipite. Tangu hapo viwanda vingine vimetafuta vya kwao. Wanunuzi wanaolengwa ni fundi magari, mjenzi, dereva wa masafa marefu, mtu wa boti. Watu ambao kioo cha simu hakiwadumu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema wahenga. Sipendi kuwa mkali kiasi hicho, maana vifaa hivi kwa jinsi vilivyoundwa si vibaya. Kasoro ya tangazo ni kwamba linajibu swali ambalo mvutaji wa kila siku hakuliuliza. Ni mara ngapi katika maisha yake ataupitishia mfuko wake tairi? Anachohitaji kujua ni kipande gani kitakufa kwanza, kitakufa lini, na siku hiyo atakipeleka kwa nani.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko vepu. Kila jadi ya uvutaji iliwahi kuamua, kwa kusema au kwa mazoea tu, kipi katika chombo kidumu, kipi kitupwe, na nani awe fundi wake. Ukivipanga vyombo hivyo pamoja ndipo unapoona vepu ya kazi ngumu ilivyo kitu cha ajabu: ugumu wake wote umewekwa mahali pasipokuwa na haja nao sana.

Neno moja kwa asiyevuta, halafu tuendelee: hakuna kifaa hapa cha kukufaa. Nikotini ni uraibu hata ikiwa imefungwa kwenye ngozi na silikoni, na mvuke si hewa. Ninayoyaandika yanamhusu mtu mzima ambaye tayari anavuta na anataka kujua anachokishika.

Tuanze nyumbani, na kiko cha maji. Mmishonari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alikieleza kiko kipande kwa kipande katika kitabu chake cha lugha cha mwaka 1870. Juu kuna bori, ndiko kunakokaa tumbaku na kaa la moto. Chini ya bori kuna digali, mrija unaoshusha moshi hadi kwenye chombo kidogo cha maji, na chombo hicho ndicho hasa kiko. Kutoka hapo hutoka shilamu inayokwenda kinywani. Hata mlio wa maji yanapochemka kwa pumzi ulikuwa na jina lake, malio ya kiko.

Vipande vinne, na hakuna hata kimoja kigumu. Bori la udongo hupasuka. Digali huziba kwa masizi. Kifuu au kibuyu cha maji hupata ufa. Shilamu huoza pale inapokutana na mate. Lakini kila kimoja kilikuwa na mrithi wake jirani: mfinyanzi yupo, mnazi upo uani, mtete upo bondeni. Kiungo kati ya bori na digali kilikuwa cha kukisia tu, kitambaa kidogo au udongo mbichi na mambo yakaenda, kwa hiyo bori la mtu mmoja liliingia kwenye digali la mwingine bila kuuliza kiwanda. Uimara wa kiko ulikuwa nje ya kiko, katika kijiji kilichokizunguka.

Kingine ni kwamba kiko hakikukaa mfukoni. Kilikaa mahali, watu wakakijia, kikazunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Buruma, yenye mpira mrefu na chombo kikubwa zaidi, ilizidisha hali hiyo. Ilikaa barazani kwa mwenye nafasi, na mara nyingi palikuwa na mtu mwingine wa kuibeba, kuisafisha na kuitilia makaa. Chombo chepesi kuvunjika kinakwambia kwamba kuna mikono ya kukitunza. Chombo kilichovikwa mpira pande zote kinakwambia kwamba mwenyewe yuko peke yake nacho, na mikono yake ina kazi nyingine. Simlaumu. Ila tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu sababu ya vepu kuwa na umbo la kifaa cha jeshi.

Shisha ya mijini ya leo ni mjukuu wa buruma aliyezoea muziki na taa, na serikali zetu zimemshughulikia: Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Nitairudia sheria baadaye kidogo, kwa sababu kwa mnunuzi wa vepu inaweza kuwa na uzito kuliko aloi yoyote.

Jadi inayonivutia zaidi ni ya Japani. Tumbaku ilifika huko mwishoni mwa karne ya 16, na katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, ikapata chombo chake maalumu: kiseru. Ni kiko chembamba, kirefu kama mkono wa mtoto au zaidi, chenye ncha mbili za madini. Ncha ya mbele ina kibakuli kidogo sana cha tumbaku, ncha ya nyuma ni ya mdomo, na katikati kuna kipande cha mwanzi kinachoitwa rao. Tumbaku yake hukatwa nyembamba kama nywele, inafinywa kama punje ya njegere, inawashwa, inavutwa pumzi mbili tatu, na majivu yanagongwa nje. Halafu mtu anarudi kwenye kazi yake, au anafinya nyingine.

Tazama walivyogawa kazi. Madini yakawekwa kwenye ncha, mahali penye moto na mahali penye meno. Mwanzi ukawekwa katikati, kwa sababu katikati ndiko kunakokusanya lami ya tumbaku na ndiko kutakakoharibika bila shaka. Hawakujaribu kuufanya mwanzi udumu. Waliufanya uwe rahisi kuondoa. Na kwa kuwa kila mvutaji angehitaji rao mpya siku moja, kazi ikazaliwa: raoya, fundi anayepita mitaani na mianzi yake, anazichomoa ncha zako, anatia mwanzi mpya, anakurudishia kiko chako kikiwa kipya katikati na kizee pande zote mbili. Baadaye mafundi hao walisukuma vigari vyenye jiko la mvuke, wakasafishia viko kwa mvuke huohuo, na filimbi ya mvuke ikawa ndiyo hodi yao mtaani. Ncha za fedha au shaba zingeweza kupita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, rao zikibadilika kati yao kama miaka.

Kiseru kilikuwa pia chombo cha kubeba. Kiliingia kwenye ala yake, kikaning'inia mkandani pamoja na mfuko wa tumbaku, na kizuizi kidogo kilichochongwa, netsuke, kikazuia vyote visianguke. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba ni sisi wa leo tuliogundua shida ya kutembea na kifaa cha moshi. Wajapani walilitatua suala la mtikisiko kwa kukipa kifaa nyumba yake, wakakiacha kifaa chenyewe kiwe chembamba.

Isipokuwa wale wahuni. Watu wa kawaida wa miji ya Edo walizuiwa kubeba panga ndefu za samurai, na miongoni mwa vijana wa mitaani pakatokea kiseru cha ugomvi, kenka-gizeru: kizito, cha chuma, kirefu kuliko haja ya tumbaku. Kilivuta, ndiyo, lakini kilibebwa ili kivunje mfupa wa mtu. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, vepu ya kazi ngumu ina ndugu yake wa damu. Sisemi kwamba mwenye Aegis anataka kupiga mtu. Nasema kwamba uzito wa chuma katika vyombo vyote viwili umevuka mahitaji ya moshi na kuingia katika kumwambia mtazamaji mwenye chombo ni nani. Vepu nyingi za aina hii zina bolti za urembo ambazo hazifungi chochote na rangi za jeshi kwa watu ambao hawajawahi kulala handakini.

Uholanzi na Uingereza za karne ya 17 zilichukua njia ya kinyume kabisa. Kiko cha udongo mweupe, mji wa Gouda ukiwa maarufu kwa kukifinyanga, kiliuzwa kwa bei ya kutojali. Kilivunjika baharini, kilivunjika baa, kilivunjika kwa kucheka sana. Vipande vyake bado vinaokotwa kwenye matope ya mto Thames maji yakikupwa, na havimdhuru mtu, kwa sababu ni udongo uliorudi kwenye udongo. Vepu za kutupa za miaka hii zilirithi bei ile ya kutojali bila kurithi udongo. Shirika la Material Focus lilikadiria mwaka 2023 kwamba Uingereza ilikuwa inatupa karibu vepu milioni 5 kila wiki, kila moja na betri yake ya lithiamu, na kuanzia tarehe 1 Juni 2025 nchi hiyo ikapiga marufuku kuziuza. Mtu anayenunua kifaa kigumu cha kudumu ana hoja moja nzuri sana mkononi, na ni hii, ingawa matangazo huisahau kwa kushughulika na tairi.

Midwakh ya Ghuba inanipa somo la namna nyingine. Waswahili walioishi Dubai au Abu Dhabi wameiona: kiko kidogo kama kalamu fupi, cha mti au mfupa au madini, chenye kijitundu cha kutilia dokha, tumbaku kali ya kienyeji. Mtu anatia, anawasha, anavuta mara moja au mbili, kichwa kinazunguka, basi. Midwakh ya mti ikipotea hainunuliwi kwa huzuni. Hakuna aliyewahi kuivika silaha.

Lakini tazama nguvu ilipo. Iko kwenye tumbaku, chombo hakina chochote. Vepu kubwa za wati nyingi zimepindua hesabu hiyo. Wati ni kasi ya kuchemsha kimiminika. Miligramu ndiyo nikotini yenyewe. Kifaa cha wati 80 kinachemsha kimiminika kingi kwa pumzi moja, kwa hiyo watumiaji wake kwa kawaida hununua kimiminika dhaifu, cha miligramu 3 au 6 kwa mililita, la sivyo koo halivumilii. Vepu ndogo ya wati 12 au 15 inatumia cha miligramu 20, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya, na Marekani huuzwa hata cha 50. Aliyeacha pakiti ya sigara akadhani kifaa kikubwa ndicho chenye nguvu ya kumtosheleza anaweza kujikuta amenunua mawingu, huku kiu yake ikiwa palepale. Anaishia kumaliza tangi la mililita 5 kabla ya adhuhuri. Kwake yeye, midwakh ilikuwa mwalimu bora kuliko muuza duka.

Kwa Wamarekani mfano wa ugumu ni kiberiti cha petroli cha Zippo, kilichoanzishwa na George Blaisdell mjini Bradford, Pennsylvania, mwaka 1932. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi, cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi yenye mikunjo kwa sababu shaba ilihitajika kwingine. Sifa yake kubwa ilitokana na ahadi: kikikataa kufanya kazi, kirudishe, kitatengenezwa bure, hata kama umri wake unazidi wako. Utambi, jiwe na mafuta ni vya kununua, na kila mmoja anajua hivyo. Bawaba na kisanduku ni vya maisha. Ahadi hiyo ni rahisi kuitoa kwa sababu ndani hamna kitu ambacho fundi hawezi kukiona kwa macho. Sasa geuza kadi ya dhamana ya vepu yoyote ya kazi ngumu uisome. Ganda linaloweza kukanyagwa na gari limeahidiwa miezi michache.

Kwa nini? Kwa sababu kiwanda kinajua kilichomo.

Tukifungue basi. Kitovu cha kazi yote ni koili: waya au wavu mwembamba wa madini, umezungushiwa pamba. Pamba inanyonya kimiminika, waya unapata moto, mvuke unatoka. Sukari na vionjo vya kimiminika huganda juu ya waya, pamba inabadilika rangi, na baada ya wiki moja au mbili za matumizi ya kila siku ladha inakuwa ya kuungua. Wati zikizidi, siku zinapungua. Ni lami ileile ya rao ya Wajapani, ila rao ilihimili muda mrefu zaidi. Koili hukaa ndani ya tangi, na mara nyingi tangi ni la kioo. Kifaa kimevikwa mpira kuanzia kisogoni hadi unyayoni, na kichwani kimebeba bilauri.

Hapo pia ndipo maandishi ya IP67 yanapohitaji kusomwa kwa utulivu. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii. Ya pili, 7, inasema kifaa kimezamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30 kikatoka salama. IP68 inakwenda zaidi ya hapo kwa masharti ambayo mtengenezaji mwenyewe anayataja. Majaribio haya ni ya maji baridi yaliyotulia, hayana chumvi ya bahari, hayana sabuni, hayana petroli. Na yanahusu sehemu ya betri na chipu inayoongoza umeme. Tangi lina matundu ya hewa kwa lazima, la sivyo usingeweza kuvuta, kwa hiyo likizama linajaa. Mtu wa boti anayetegemea IP67 amelindwa asipoteze kifaa. Hajalindwa asipoteze kimiminika, koili na hamu ya siku nzima.

Betri ndiyo hesabu ninayopenda kuifanya, kwa kuwa wauzaji hawaipendi. Betri ya 18650, upana milimita 18 na urefu 65, yenye mAh 2500, inabeba kama wati-saa 9. Ukivuta kwa wati 80, hiyo ni chini ya dakika 7 za kubonyeza kitufe. Kwa pumzi za sekunde 4, ni pumzi 100 hivi. Kwa wati 15 betri ileile inakupa zaidi ya pumzi 500. Hesabu ni ya juujuu, haijatoa hasara ya chipu wala ya joto, lakini picha ni hiyo. Kinachoitwa kifaa cha nguvu kwa matumizi ya kila siku mara nyingi ni kifaa cha nguvu kwa matumizi ya asubuhi.

Kisha kuna ile namba 200 inayopendwa kuandikwa kwenye maboksi. Wati 200 kwa betri mbili ni wati 100 kwa kila moja. Betri ikikaribia kuisha, volti zake zikiwa 3.2 hivi, wati 100 zinadai zaidi ya ampea 31. Betri nyingi za kweli za ukubwa huo zimepewa kikomo cha kati ya ampea 20 na 30. Maana yake namba ya boksi ni namba ya kuonyesha. Anayeitumia kweli anaomba betri itoe isichokuwa nacho. Hapo bado hujakutana na betri za sokoni zilizoandikwa mAh 9900, wakati 18650 ya kweli haijafika hata 5000. Kwenye tochi, uongo huo unakuibia mwanga. Kwenye wati 100 karibu na uso wako, ni habari nyingine.

Na hapa jambo linaanza kuwa gumu, maana ipo vepu isiyo na chipu ya kuharibika. Ni bomba tupu la shaba, betri ndani, kitufe chini, koili juu. Mafundi wa Ufilipino, Ugiriki na Marekani walizichonga kwa ustadi mkubwa miaka ya kuanzia 2010, na kuna zilizopendeza kama ncha za kiseru. Hakuna skrini ya kupasuka, hakuna programu ya kufa. Ukiisafisha na kuitunza, itakuzika. Lakini hesabu ya umeme haina huruma: koili ya omu 0.2 kwenye betri iliyojaa volti 4.2 inavuta ampea 21, na hakuna kitu kati yako na betri cha kusema basi. Mwaka 2018 huko Florida na mwaka 2019 huko Texas watu wawili walikufa baada ya vepu kulipuka usoni mwao. Chipu, kile kipande chepesi kuharibika kinachofanya kiwanda kiogope kutoa dhamana ndefu, ndicho kinachopima omu, kinachokata umeme, kinachokatalia betri iliyochoka. Kenka-gizeru angalau kilimtisha mtu wa mbele.

Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu arudi kwenye bomba kwa mapenzi ya usahili. Chipu ibaki. Ninachokataa ni kulipia kilo ya silaha juu yake halafu kufungwa kwenye koili za kiwanda kimoja.

Kama ningemchagulia fundi magari wa kila siku, anayevuta tayari na ameamua kuhama sigara, ningeanzia kwenye betri. Iwe ya kutoa na kurudisha, moja, ya 21700, ambayo ni nene kidogo kuliko 18650 na kwa kawaida hubeba mAh 4000 au zaidi. Akivuta kwa wati 40 au 50 atafika jioni bila waya ukutani. Betri hizi huanza kuonyesha uzee baada ya kuchajiwa mara 300 hivi, yaani kabla ya mwaka kwisha kwa mtu anayechaji kila siku. Kifaa chenye betri iliyogandishwa ndani kinazeeka pamoja nayo, hata ngozi ya mgongoni ikiwa bado inanukia duka. Betri ya akiba ikae kwenye kikasha chake, kamwe si mfukoni pamoja na funguo. Wala isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani: kikomo cha kawaida cha kuchaji ni nyuzi joto 45, na dashibodi ya Dar es Salaam mchana wa Februari haiheshimu kikomo hicho.

Kisha ningetazama uzi wa 510, ule mdomo wa skrubu ambao matangi ya viwanda vingi hukubaliana nao. Ni ile tabia njema ya bori na digali, imerudi kwa umbo la chuma. Vifaa vingi vidogo vya siku hizi vimeuacha, vikataka tangi lao wenyewe na koili zao wenyewe. Tena ningependelea tangi ambalo mtu anaweza kusokota waya na kutia pamba mwenyewe. Kazi hiyo inachukua dakika kumi ukishaizoea, pamba na waya ni bei ndogo, na kwa mara ya kwanza mvutaji anakuwa raoya wake. Si kila mtu ana subira hiyo, najua. Asiye nayo afanye hesabu ya koili mbili au tatu kwa mwezi kwa mwaka mzima kabla hajatazama bei ya kifaa.

Sheria, kama nilivyoahidi. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imezifungia sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Oman imepiga marufuku biashara yake. Falme za Kiarabu ziliruhusu kuziuza mwaka 2019, kwa hiyo Mswahili anayekwenda Muscat kupitia Dubai anaweza kununua kwa uhalali asubuhi kitu cha kumletea maswali jioni. Ndegeni kifaa na betri vinakaa kwenye mkoba wa mkononi. Kuweka vepu kwenye mizigo ya chini kumekatazwa na kanuni za kimataifa tangu 2015. Hakuna kiwango cha IP kinachozuia mkono wa afisa forodha.

Limebaki suala la fundi, ambalo kwangu ndilo zito. Kariakoo ya Dar es Salaam na River Road ya Nairobi zimejaa vijana wanaobadilisha soketi ya chaji ya simu wewe ukiwa umesimama, kwa hadubini na bomba la hewa ya moto. Soketi ya vepu ni ileile, mikono ni ileile. Ila kifaa kilichotengenezwa kisipitishe maji mara nyingi kimezibwa kwa gundi na mipira inayobana mara moja tu. Ukikifungua, IP67 imekwisha, na vingine havifunguki bila kuvunjika. Kile kinachotangazwa kama uimara ndicho kinachomfungia fundi mlango. Mjapani wa Edo angeshangaa: mmekaza katikati, mkaacha ncha zioze?

Kwa hiyo mtu anayefanya kazi kwenye maji au kwenye tope kila siku anunue hilo ganda, linamfaa, alipie bila kujuta na ajue kwamba soketi ikifa ananunua kingine. Mwingine yeyote, dereva, muuza duka, mwalimu, ningempa kifaa chenye skrubu zinazoonekana, ndani ya mfuko wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu. Na kabla hajatoa pesa ningemtuma kwanza akaulize kama koili zake zinapatikana karibu na kwake, na kama muuzaji huyo atakuwa bado yupo mwakani.